Kongwe au Kioo

Jumatatu, 2 Septemba

Nimeshona daftari hili kwa sababu moja tu: siku nitakapomlipa wifi yangu, nataka iwe na tarehe.

Majibu ya udahili yametoka leo. Binti yangu amechaguliwa vyuo vyote viwili, Kongwe na Kioo. Hayo ni majina ya mtaani. Kongwe kimeitwa hivyo kwa umri wake, na Kioo kwa majengo yake ya vioo, ambamo wanafunzi hujitazama wakipita. Mzazi ambaye mwanawe amepata kimojawapo hutembea shingo juu mwaka mzima, na wangu kapata vyote. Ujumbe umeingia kwenye simu yangu, maana ya kwake ilitumbukia kwenye ndoo ya gundi mwezi wa sita, na maombi yote tukayajaza kwa namba yangu. Nilisoma nikiwa nimesimama kwenye mashine ya kukatia karatasi. Nusura nijikate kidole.

Tuna hadi tarehe 27 kuthibitisha chuo kimoja. Ukithibitisha hiki, kile kimekwenda.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ni msajili msaidizi wa udahili hapo Kongwe. Yeye alisoma Kongwe, baba yao alisoma Kongwe, na mume wangu alisoma Kongwe kabla hajafanya kosa la kumpenda fundi wa kujalidi vitabu. Siku ya harusi yetu wifi alisimama mbele ya watu akasema, "Kaka yangu tulimtuma shahada, karudi na gundi." Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Tangu siku hiyo ukoo mzima unaniita Bi Gundi. Ni miaka ishirini na miwili sasa. Hata kwenye msiba wa mume wangu kuna mzee alinishika mkono na machozi yanamtoka, akasema, "Pole sana, Bi Gundi."

Basi nimekwisha kuamua. Binti yangu atakwenda Kioo. Kongwe atakikataa kwa barua, barua itapita mezani kwa shangazi yake, na shangazi yake ataisoma akiwa amevaa miwani. Nitaijalidi hata hiyo barua.

Jumatano, 4 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Gundi haikauki. Nimejalidi saba, nimerudia mbili.

Ijumaa, 6 Septemba

Huu ndio msimu wangu. Kila anayemaliza chuo anataka tasnifu yake ijalidiwe kabla ya mwisho wa mwezi, na wote wamekumbuka jana. Kongwe wanataka jalada la rangi ya damu ya mzee, limeshonwa kwa uzi, herufi za dhahabu. Kioo wanataka buluu. Rafu ya kushoto nyekundu, ya kulia buluu, na mimi katikati.

Leo wateja wawili wamegombana hapa kaunta.

"Nyie mna historia tu," alisema wa Kioo.

"Na nyie mna lifti tu," akajibu wa Kongwe.

Mama Fotokopi, jirani yangu wa duka la kutoa nakala, alikuwa ameingia kuazima stepla. Akawaamua. "Wa Kongwe mnajua mambo ila hamwezi kuyasema. Wa Kioo mnayasema vizuri, shida hamyajui. Haya, nani wa kwanza kwenye foleni?"

Nilicheka, lakini kasema kweli. Nimevishika vyuo vyote viwili kwa miaka ishirini na tano. Kongwe wanaleta kurasa mia nne pale ambapo mia mbili zingetosha, na kila ukurasa umejaa tarakimu. Kioo wanaleta mia mbili, na robo yake ni picha za rangi. Ukiniuliza nani kafanya kazi, nitakwambia. Binti yangu hajaniuliza, nami sijamwambia.

Jumanne, 10 Septemba

Raha iliyoje! Orodha ya vyuo bora imetoka gazetini. Kioo cha nne, Kongwe cha tisa. Nimeikata kwa kisu changu kizuri na kuibandika ukutani, usawa wa macho ya mtu mrefu. Wifi ni mrefu.

Jumamosi, 14 Septemba

Amekuja. Akaufunga mwavuli wake juu ya kurasa za mteja, maji yakadondoka kwenye ukurasa wa shukrani.

"Bi Gundi, hujambo?"

"Sijambo, wifi. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kumwona mtoto wa kaka yangu. Jina lake nimeliona kwenye orodha yetu, la tatu kutoka juu. Nikawaambia pale ofisini, damu haipotei."

"Kachaguliwa na Kioo pia."

"Kioo?" Akacheka kwa pua. "Kule wanafundishwa na watu tuliowakataa sisi."

Nikamwonyesha ukuta. Akasoma, nami namtazama akisoma. "Cha nne na cha tisa, wifi," nikamsaidia.

"Orodha hizi hupima vioo na intaneti. Heshima hazipimi." Akaugeukia mwavuli wake. "Mambo ya vyuo tuachie wenyewe, mama. Wewe kazi yako majalada, na unaijua, hilo siwezi kukunyima."

Wateja watatu wamesikia. Mmoja alitabasamu. Na huyo nimeishika sura yake.

Jumatatu, 16 Septemba

Leo nitaandika sana, maana nina hasira na hakuna wa kunisikiliza.

Binti yangu humwita kila mtu jina lake, lakini yeye mtaa mzima wanamwita Kokoto. Tangu ana miaka sita anaokota mawe. Nikifua nguo zake nakuta changarawe mfukoni, na beseni langu limetoboka kwa ajili hiyo. Ameomba kusomea jiolojia, kote kuwili. Wiki iliyopita alikwenda kuvitembelea vyuo vyote, akarudi kimya. Leo mchana, tukiwa tunashona, akasema bila kuinua macho:

"Mama, nimechagua Kongwe."

Sindano ikaniingia chini ya ukucha. "Sababu?"

"Wana droo elfu nne za vipande vya miamba. Elfu nne, mama! Kila droo ina lebo ya mkono. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaruhusiwa kufungua. Kioo wana picha za miamba kwenye skrini kubwa. Nilimwuliza yule aliyetutembeza, mawe yenyewe yako wapi, akasema yanakuja."

"Kioo ni cha nne."

"Cha nne kwa nini? Nimeisoma orodha yote. Wamehesabu wanafunzi wa kigeni, wamehesabu kompyuta. Jiolojia hawakuipima."

"Mwajiri hatakuuliza droo. Atasoma jina la chuo."

"Atasoma, halafu atanipeleka kwenye shimo la kuchimba na kuniuliza hili ni jiwe gani. Nitamjibu nini, mama? Kwamba linakuja?"

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikasema nililokuwa nimelificha. "Unataka kwenda kukaa chini ya shangazi yako. Unataka kuwa mmoja wao."

Akaweka uzi chini. "Shangazi hayumo ndani ya mawe, mama."

"Mimi nimetukanwa na watu wale kabla hujazaliwa."

"Najua. Nimelisikia tangu nazaliwa." Akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayemwambia mwenzake muda umekwisha. "Lakini ni wewe uliyetukanwa. Mimi nataka kusoma."

Baba yake alikuwa hivihivi, mpole hadi unatamani kumrushia kitu.

Jumanne, 17 Septemba

Hatujasemezana. Mvua. Nimejalidi tisa.

Jumatano, 18 Septemba

Mungu si Athumani! Mtoto wa wifi ameingia dukani leo na tasnifu yake ya uzamivu chini ya kwapa.

Huyu mama yake alianza kumwita Profesa akiwa na miaka saba, na jina likamganda. Kwa kawaida wangepeleka kwingine kuliko kuniletea mimi, lakini fundi mwingine anayejua kushona kwa masharti ya Kongwe kibanio chake kimevunjika, na mwisho wa kukabidhi ni tarehe 30. Njaa haina aibu, na haraka pia.

"Shikamoo, mkaza mjomba."

"Marahaba, Profesa."

Akaona haya. "Bado, bado. Nakala sita, tafadhali. Mama kasema upande wa mgongo herufi ziwe kubwa kidogo."

Bila shaka kasema. Nimempa risiti, nikamwambia aje Alhamisi ijayo.

Alhamisi, 19 Septemba

Leo nitaandika taratibu.

Nilikuwa nazipanga kurasa za Profesa kwa ajili ya kushona. Sura ya nne, kuna jedwali pana kuliko ukurasa, la kukunjwa mara tatu ili lifunguke nje ya kitabu. Kazi ya namna hiyo ni mateso. Ukikosea mkunjo mmoja, kisu kinalikata. Katika maisha yangu nimekunja jedwali la namna hiyo mara moja tu, miaka minane iliyopita, la kijana mmoja wa Kioo aliyeandika juu ya mmomonyoko wa udongo kingo za mito. Maneno ya wateja wangu siyakumbuki kamwe, ila mikunjo ya karatasi vidole vyangu havijawahi kuisahau.

Nakala zinazoharibika sizitupi. Zinakaa rafu ya nyuma, zimefungwa kwa kamba mwaka kwa mwaka. Ya yule kijana ilidondokewa na gundi jaladani, ikabaki kwangu. Nimeishusha na kuifuta vumbi, nikazilaza mbili sambamba mezani.

Jedwali ni lilelile. Tarakimu ni zilezile, mstari wa kwanza hadi wa sitini na nne. Alichobadilisha ni majina ya mito.

Ijumaa, 20 Septemba

Si jedwali tu. Ni sura nzima ya nne na nusu ya sura ya tano. Nimesoma kwa kidole, neno kwa neno, hadi nikakosa chakula cha mchana. Mtoto wa wifi yangu, wa Kongwe, cha heshima isiyopimwa, kaiba kutoka Kioo, kule wanakofundishwa na waliokataliwa.

Nilicheka peke yangu mpaka Mama Fotokopi akagonga ukuta.

Sijamwonyesha Kokoto.

Jumapili, 22 Septemba

Wifi amepiga simu saa nane mchana.

"Bi Gundi, Jumamosi nafanya sherehe kwangu. Ya kumpongeza mtoto kuingia Kongwe. Nimewaalika wenzangu wa ofisini, na ndugu wote."

"Bado hajathibitisha, wifi."

"Atathibitisha wapi kwingine? Nimeshawaambia watu. Wewe njoo mapema, unisaidie jikoni."

Kasema hivyo. Mtoto niliyemzaa mimi, niliyemlea mimi kwa hii mikono iliyokauka gundi, anapongezwa nyumbani kwake, na mimi niwe jikoni.

Kokoto alikuwa uani anafua. Namba yake ya siri ilikuwa kwenye simu yangu, chini ya ule ujumbe wa tarehe mbili. Sikuhitaji hata kuvaa miwani. Nikaandika namba, nikachagua Kioo, nikabonyeza THIBITISHA. Ikaniuliza nina uhakika? Nikabonyeza NDIYO kwa nguvu hata kioo cha simu kikatoa sauti.

Sijajisikia vizuri hivi tangu mume wangu afariki.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimekwenda Kongwe mchana, wakati karani wa mlangoni amekwenda kula. Ghorofa ya chini kuna sanduku la malalamiko la idara ya uzamivu, limeandikwa: hufunguliwa kila Ijumaa. Nimetumbukiza bahasha. Ndani yake mna nakala ya zamani ya yule kijana wa Kioo, nimeibandua jalada ili ipite, na karatasi moja niliyoichapa: "Linganisheni na ya mtahiniwa wenu." Nikataja jina lake kamili, alilopewa na wazazi wake, si Profesa.

Sikuweka langu. Nikarudi kwa miguu kwenye mvua na sikuhisi baridi.

Jumanne, 24 Septemba

Kokoto ameingia dukani saa tatu asubuhi ametota. Alikuwa amekwenda kwenye kompyuta za Mama Fotokopi kuthibitisha Kongwe.

"Mama, mfumo unasema nimethibitisha Kioo. Jumapili, saa nane na dakika arobaini. Jumapili saa nane nilikuwa nafua."

"Labda ni hitilafu," nikasema. Nilikuwa nakata kadibodi, sikuinua kichwa.

"Anayetaka kubadili ana hadi saa kumi ya kesho yake tu. Yangu imepita jana."

"Mitambo hii..."

"Mama." Akasubiri hadi nikamtazama. "Niambie tena kwamba ni hitilafu, na mimi nitaamini. Nitakwenda Kioo na nitaamini hivyo maisha yangu yote."

Nikakiweka kisu mezani.

Nilidhani atapiga kelele. Ningejua la kufanya na kelele. Alitoka nje, akasimama ukingoni mwa mfereji wa barabara, akaigeuza mifuko yake ndani nje, na vijiwe vyake vyote vikaingia majini. Halafu akarudi, akakaa kwenye kiti chake, akachukua sindano na kuendelea kushona pale alipoishia jana. Ameshona hadi jioni. Mishono yake imenyooka kuliko yangu.

Hasira hasara, ndivyo alivyokuwa akiniambia baba yake. Nami nilikuwa nikimjibu kwamba methali ni za watu ambao hawajatukanwa.

Jumatano, 25 Septemba

Nimekwenda kwa wifi.

Nilikaa saa mbili kwenye benchi la wazazi, nje ya mlango wenye jina lake na vyeo vyake vyote. Ofisi iko ghorofa ya pili. Nilipita pembeni ya lile sanduku nikiwa nimeangalia viatu vyangu.

Aliponiona alivua miwani. "Bi Gundi? Kuna msiba?"

"Hakuna. Mtoto kathibitishwa Kioo kwa makosa. Anataka Kongwe. Dirisha la kubadili limefungwa juzi."

"Kwa makosa ya nani?"

"Yangu. Nilithibitisha mimi. Hakujua."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri njiani. Sijui ulikwenda wapi. "Ili nikuumize," nikasema.

Nje ya dirisha mvua ilikuwa inapiga mabati ya maegesho. "Unanichukia kiasi hicho?"

"Zaidi ya hapo."

Nilitegemea anifukuze, na nusu yangu ilitaka anifukuze. Badala yake akavuta droo, akatoa fomu ya njano, akaiweka mezani. Akampigia simu mtu wa Kioo, wakataniana kidogo kama watu wanaofahamiana, na ndani ya dakika tano kibali cha kumwachia mtoto kikaja kwenye kompyuta yake. Akavaa tena miwani, akashika kalamu. Pale pa tarehe akasita.

"Nikiandika leo, haipiti. Nitaandika juzi." Akanitazama juu ya miwani. "Miaka thelathini sijawahi kuandika tarehe ya uongo. Usidhani nakufanyia wewe. Namfanyia kaka yangu."

Bahasha yangu ilikuwa chini yetu, ghorofa mbili chini, ikiisubiri Ijumaa. Kama ningesema neno moja, angeiweka kalamu. Mwanangu angekosa mawe yake. Nikafunga mdomo, nikaitazama kalamu ikienda: 23 Septemba. Akapiga muhuri.

"Asante, wifi," nikasema.

"Mwambie mtoto aje kesho achukue barua. Wewe usije."

Hata pale, mkono wake ukiwa bado juu ya fomu ya mwanangu, nilimchukia.

Alhamisi, 26 Septemba

Kokoto amechukua barua yake. Alipoingia alinikumbatia, kwanza mkono mmoja, halafu yote miwili. "Kumbe ulikwenda," akasema. "Kumbe ulikwenda mwenyewe!" Sijui wapi alipata jiwe haraka hivyo, lakini alikuwa nalo mfukoni, liliniuma ubavuni.

Mchana Profesa amekuja kuchukua tasnifu. Nilizijalidi vizuri kuliko zote za msimu huu. Akapitisha kidole kwenye dhahabu, akasema, "Mkaza mjomba, hii ni kazi." Akaona marundo yangu ya karatasi yanaroa mlangoni, akavua koti, akanisaidia kuyaingiza ndani, yote ishirini. Ana adabu kijana yule. Lakini mwizi mwenye adabu ni mwizi.

Sanduku linafunguliwa kesho. Karani wa mlangoni ni mteja wangu. Ningemwambia nimetumbukiza bahasha kimakosa, angenifungulia bila maswali. Kuanzia saa saba hadi saa kumi nilikuwa na muda. Mwavuli ulikuwa pale, umeegemea ukuta. Ningeweza kwenda.

Sikwenda.

Jumamosi, 28 Septemba

Sherehe kwa wifi. Nimekwenda, nikakaa sebuleni. Hakuna aliyenipeleka jikoni. Wifi alisimama kumsifu mtoto, akasema Kongwe kimepata bahati. Kokoto alikuwa anacheka na binamu yake Profesa, wanabishana juu ya mto fulani. Nilikunywa soda mbili na sikusikia ladha ya hata moja.

Jumatatu, 30 Septemba

Mvua imekatika kidogo. Mama Fotokopi kaja mbio, kanga mkononi. "Umesikia ya Kongwe? Kuna mtu kakamatwa kaiba tasnifu nzima! Wanasema ni mtoto wa mkubwa."

"Tutasikia mengi," nikasema.

Nilifurahi. Sitasema uongo kwenye daftari nililolishona mwenyewe. Nilifurahi hadi nikaimba kidogo.

Alhamisi, 3 Oktoba

Profesa amesimamishwa. Hatapewa shahada, huenda asipewe kamwe. Na wifi naye kasimamishwa kazi kupisha uchunguzi, maana kwa muda wote huo mwanawe akisoma, yeye ndiye aliyekuwa akisaini faili za wanafunzi kule juu, la mwanawe likiwemo. Wanapekua kila faili lililopita mikononi mwake mwezi uliopita.

Kila faili. Nilikuwa nimeshaisoma sentensi hiyo gazetini mara tatu ndipo nilipoielewa.

Ijumaa, 4 Oktoba

Siwezi kula.

Jumatatu, 7 Oktoba

Ujumbe umeingia kwenye simu yangu saa nne. Uhamisho wa mwanafunzi kwenda Kongwe umebatilika, kwa kuwa ulisainiwa baada ya muda na tarehe ikaghushiwa. Uthibitisho wa kwanza ndio unaosimama. Aripoti Kioo tarehe 14.

Nimempa simu asome mwenyewe. Kasoma, karudisha, kaenda kufagia vipande vya karatasi chini ya mashine.

Jumanne, 8 Oktoba

Wifi amekuja dukani. Hakuwa na miwani wala mkoba. Safari hii alikaa bila kukaribishwa, kwenye kiti cha wateja.

"Nimekuja kuomba radhi," akasema. "Nimemponza mtoto wako. Ningeandika tarehe ya kweli, nikaenda kuomba kwa wakubwa kwa njia ya haki, pengine wangekubali. Nilitaka kufanya haraka. Sasa kakosa kwa ajili ya kalamu yangu."

Kokoto alikuwa pembeni yetu, ameshika ufagio.

"Na yule kijana wangu," wifi akaendelea, "halali. Anauliza ni nani. Namwambia usiulize nani, jiulize kwa nini. Lakini na mimi nauliza." Akafuta macho kwa kiganja. "Nisamehe, wifi."

Miaka ishirini na miwili nimeingoja siku hii. Nilikuwa nimejiandalia maneno, nimeyapanga, mengine nilikuwa nikiyasema jikoni peke yangu. Alikuwa amekaa mbele yangu, kanyongea, kaja kwa miguu yake, anaomba msamaha, tena kwa kosa ambalo ni langu.

"Nimekusamehe," nikasema.

Alinishika mkono kwa shukrani, nami nikauacha.

Jumatano, 9 Oktoba

Kokoto amefuta vumbi rafu ya nyuma. Sikumtuma. Nilimwona amesimama mbele ya mafungu ya nakala zilizoharibika, kamba ya mwaka mmoja imelegea.

"Hapa palikuwa na kitabu cha buluu," akasema. "Chenye doa la gundi jaladani. Nilikuwa nakichezea nikiwa mdogo. Kilikuwa na karatasi inayokunjuka ndefu, yenye mito."

"Sikumbuki."

"Wewe unakumbuka mikunjo yote, mama." Akaifunga kamba upya, akaikaza vizuri. "Ulipokwenda kwa shangazi siku ile, kilikuwa kimeshatoka hapa?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Akasaini, na wewe unamtazama."

"Ilikuwa kwa ajili yako."

"Kitabu pia kilikuwa kwa ajili yangu?"

Aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli. Nikamwambia kweli. Nikasema hapana, hicho kilikuwa changu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Anafungasha. Amekunja nguo zake nne nne. Mawe yake ameyaacha yote dirishani. Nilimuuliza kama amesahau, akasema hapana.

Nimebandua orodha ya vyuo ukutani. Gundi niliyotumia ilikuwa nzuri mno, ikatoka na rangi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimempeleka Kioo. Ukumbi wa usajili ni mkubwa na unang'aa, ukitembea unajiona unatembea upande wa pili. Wazazi walikuwa wamependeza. Kila mmoja alikuwa anampiga picha mwanawe mbele ya bango lililoandikwa CHA NNE kwa herufi ndefu kuliko mtu. Mama mmoja aliniomba nimpige yeye na wake, halafu akataka kutupiga sisi. Kokoto akamwambia asante, hapana.

Wifi hana kazi. Mwanawe hana shahada. Kongwe kimetajwa vibaya kwenye magazeti matatu. Binti yangu yuko chuo nilichokitaka. Tarehe mbili Septemba nilipoanza kuandika sikuthubutu kuomba hata nusu ya haya.

Foleni ilikuwa ndefu. Karani alikuwa kijana mchangamfu. Alitazama karatasi, akasoma matokeo, akapiga mluzi. "Jiolojia, na alama hizi! Kongwe hawakukuita?"

"Waliniita," Kokoto akasema.

"Ukatuchagua sisi. Safi sana. Wengi wanapata taabu kuamua."

"Mimi sikupata taabu." Sauti yake ilikuwa na adabu zote nilizomfunza. "Mama ndiye aliyenichagulia."

Karani akasimama kabisa, akanyoosha mkono juu ya kaunta. "Hongera, mama. Umemchagulia vizuri."

Nikaupokea, maana nyuma yetu watu walikuwa wengi na wote walikuwa wanangoja zamu yao.